Mchanga wa jangwani hautulizwi na idadi ya miche

Ndugu Mhariri,

Nafuatilia habari mnazochapisha kuhusu mchanga wa jangwani unaofukia mashamba na barabara. Karibu zote huishia palepale: miche elfu kadhaa imepandwa, picha zimepigwa, jangwa limekomeshwa. Naomba nafasi niipinge hesabu hiyo. Idadi ya miche haimwambii msomaji kama mchanga umetulia au la.

Punje ya mchanga haipai angani kama vumbi. Hurushwa na upepo, ikaanguka, ikagonga nyingine, nazo zikaruka. Sehemu kubwa ya mchanga unaohama hupita chini sana, pengine haufiki hata kimo cha goti. Kinachouzuia basi ni kilichopo chini: nyasi, au kichaka kilichotandaza matawi yake ardhini. Mti wenye shina tupu na majani juu huacha uwazi ambao upepo huupenya, mara nyingine kwa kasi kuliko awali. Kichaka kifupi, kinyume chake, hukusanya mchanga ubavuni mwake hadi ukawa kilima kidogo, nacho kikazidi kuota juu yake. Waarabu huviita vilima hivyo nabkha.

Jambo ninalolionea utamu zaidi sijawahi kulisoma katika kurasa zenu: mimea hubadili hata umbo la kilima. Mahali ambapo upepo huvuma kutoka upande mmoja na mchanga si mwingi, kilima kisicho na mimea huwa na umbo la hilali, pembe zake zikielekea kule upepo unakokwenda. Mgongo unaoukabili upepo huchimbwa bila kukoma, na mteremko wa nyuma hufukiwa bila kukoma. Mbegu ikiota mgongoni, mizizi huachwa wazi. Ikiota nyuma, huzikwa. Kwenye pembe, mchanga ni mchache na hubadilika polepole, na hapo ndipo mimea inapopata pa kushika. Pembe zikishashikwa, sehemu ya kati huendelea kusonga, ikazipita, na mwishowe pembe hubaki nyuma kama mikono mirefu inayoelekea upepo unakotoka. Kilima kimegeuka kinyume cha kilivyokuwa. Huko White Sands, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ambako mchanga ni wa jasi, aina zote mbili zipo katika eneo moja. Mwaka 2006 wanafizikia Orencio Durán na Hans Herrmann walionyesha kwa hesabu kwamba kinachoamua umbo hilo ni mbio kati ya kasi ya mmea kukua na kasi ya mchanga kuchimbwa au kurundikana.

Wengi hudhani kinachokosekana ni mvua tu. Mchanga hunywa maji haraka, na tabaka la juu likishakauka huyakinga yaliyo chini yasipotee. Ndiyo maana kilima cha mchanga kinaweza kuwa na unyevu kuliko udongo mzito ulio jirani yake. Mara nyingi kinachoushinda mmea ni upepo. Na hapa pana mtego: kilima chenye mimea huweza kuvumilia upepo uleule ambao, kama kingekuwa kitupu, usingeruhusu hata mche mmoja kushika. Kuipoteza mimea ni rahisi, kuirudisha si rahisi hivyo.

Tazama mpaka wa Misri na Israeli, kati ya Sinai na Negev. Mvua ni ileile, upepo ni uleule, lakini kwa miongo kadhaa picha za satelaiti zilionyesha mstari kati yao: upande wa Sinai mweupe, wa Negev mweusi kidogo. Weusi huo kwa sehemu kubwa si majani. Ni utando mwembamba wa bakteria, mwani na kuvumwani unaogandisha punje za juu, na ambao kwato za mifugo huuvunja kwa urahisi.

Somo kubwa zaidi liko Shapotou, kaskazini mwa China, ambako reli ya Baotou hadi Lanzhou, iliyokamilika mwaka 1958, hukatiza mchanga wa jangwa la Tengger. Mvua huko ni chini ya milimita 200 kwa mwaka. Waliotuliza mchanga huo ili kuilinda reli hawakuanza na miti. Walifukia majani makavu ya ngano kwa kufuata miraba ya mita 1 kwa 1, ncha zake zikibaki juu ya mchanga, kisha ndani ya miraba wakapanda vichaka vinavyostahimili ukame. Baada ya miaka kadhaa utando kama ule wa Negev ukajitokeza wenyewe. Nao ulianza kuyazuia maji ya mvua yasifike chini, vichaka vyenye mizizi mirefu vikapungua, na mimea midogo ya mizizi mifupi ikachukua nafasi. Mwandishi wa kuhesabu vichaka angetangaza kwamba mradi umekufa, ilhali mchanga ulikuwa umetulia na treni zinapita.

Ombi langu kwa waandishi wenu ni dogo. Mkienda tena kuripoti upandaji, ulizeni ni sehemu gani ya ardhi bado iko wazi kati ya mche na mche, mifugo inazuiwa vipi, na nani atarudi kupima mchanga baada ya misimu mitatu au minne ya kiangazi. Idadi ya miche mnaweza kuiweka mwishoni mwa habari, nafasi ikibaki.

Msomaji wenu