Kufuata katika salsa si kutii, na kunastahili kufundishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba densi ya salsa humzoesha mwanamke utiifu, kwa kuwa mwanamume ndiye anayeamua kila hatua, naye mwanamke kazi yake ni kwenda anakopelekwa. Pendekezo lake lilikuwa kwamba madarasa yaache kabisa utaratibu wa mmoja kuongoza na mwingine kufuata. Mimi ni mwalimu wa densi hii, na sikatai kwamba aliyoyaona yapo: wapo wanaoongoza kwa kuwaburura wenzao, na wapo wanaofuata kwa kulegea mwili mzima wakisubiri kubebwa. Hata hivyo, mwandishi huyo ameitazama salsa inayochezwa vibaya akaihukumu salsa yote, na kwa maoni yangu ameuacha ugonjwa wenyewe bila kuugusa. Ugonjwa huo uko katika ufundishaji wetu, ambao humfunza anayeongoza kwa kirefu na kumwacha anayefuata ajifunze kwa kubahatisha.

Sababu ya mmoja kutangulia haina uhusiano na cheo. Ni suala la muda. Hatua za salsa huhesabiwa kwa mapigo 8: miguu hukanyaga kwenye 1, 2 na 3, kisha kwenye 5, 6 na 7, na mapigo ya 4 na 8 hupita bila hatua mpya. Wimbo wenye kasi ya mapigo 180 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida tu, huyamaliza mapigo hayo 8 kwa muda usiotimia sekunde 3. Katika kipindi hicho watu wawili ambao huenda wamekutana jioni hiyohiyo, na ambao hawana mpangilio wowote walioukariri pamoja, wanatakiwa wageuke, wapishane na washikane tena mikono bila kugongana. Hawawezi kushauriana kwa maneno. Ikiwa kila mmoja atabuni lake kwa wakati uleule, mikono itanasana na miguu itakanyagana. Kwa hiyo mmoja hupendekeza, mwingine hulipokea pendekezo na kulikamilisha kwa mwili wake mwenyewe, na yule wa kwanza hulazimika kuliangalia jibu kabla ya kupendekeza tena. Hapo kwenye kuliangalia jibu ndipo wengi hushindwa.

Chukua tendo la msingi kabisa la kumvusha mwenzi kutoka upande mmoja hadi wa pili wa mstari wa kufikirika ambao jozi huchezea, kama linavyochezwa katika mtindo unaoanzia pigo la kwanza. Anayeongoza hukanyaga mbele kwa mguu wa kushoto kwenye 1, hurudisha uzito kwenye mguu wa kulia, na kufikia 3 huwa ameshajigeuza kando na kuiacha njia wazi. Anayefuata hupita kwa miguu yake mwenyewe kwenye 5, 6 na 7. Ishara kubwa kuliko zote hapo ni nafasi iliyoachwa, na mkono huongeza mwelekeo kidogo tu. Asiyejiondoa njiani anaweza kuuvuta mkono wa mwenzake hadi bega limuume na bado asipate anachokitaka, kwa sababu hakuna pa kupita. Kisha utamsikia akilalamika kwamba amepewa mwenzi mzito. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi ukumbini, na karibu kila mara nikitazama nyayo za mlalamikaji naziona ndizo zilizoziba njia.

Mzunguko nao una saa yake. Mwenzi anayetakiwa kuzunguka kulia kuanzia pigo la 5 lazima aipate ishara mapema, kwa kawaida kwenye 3, mkono ukipanda taratibu na kukaa juu ya utosi wake. Ishara inayofika kwenye 5 imechelewa, kwani mguu umekwisha kukanyaga kwingine, na anayeongoza akijaribu kuyafidia machelewo hayo kwa nguvu ndipo viwiko na mabega yanapoumia. Vidole hushikana kwa wepesi, na kidole gumba hakibani kiganja cha mwenzi, ili mkono uweze kuachwa mara moja mambo yakienda mrama. Kuhusu wale wanaomlaza ghafla mtu wasiyemfahamu mgongo ukielekea sakafuni, bila kujua kama anataka wala kama mgongo wake unaweza, sina maelezo marefu: waache.

Sasa nije kwa anayefuata, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Anayefuata vizuri hubeba uzito wake mwenyewe wakati wote. Hata akiachiwa mikono yote miwili katikati ya mzunguko, haanguki. Hukamilisha kila hatua, yaani huuhamisha uzito wote hadi mguu mmoja ubaki huru, kwa sababu ni mguu ulio huru tu unaoweza kuitikia pendekezo linalofuata, na anayeongoza huujua mguu huo kwa kuuhisi mwili wa mwenzake kupitia mkono. Mikono ya anayefuata huwa na ukakamavu wa kiasi: ikilegea kabisa, ishara hupotelea kwenye kiwiko kabla haijafika mwilini, ikikazana, kila ishara huwa mshtuko. Akishaanzishiwa mwelekeo, huendelea nao hadi apewe mwingine. Zaidi ya yote, hajitangulizi. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa mwili uliorudia tendo moja jioni nzima hutaka kulimaliza wenyewe punde tu unapouhisi mwanzo wake. Kuukaa muda huo mfupi bila kukisia, mguu ukiwa tayari na masikio yakiwa kwenye muziki, kunadai umakini ambao wanaoongoza wengi hawajawahi kudaiwa. Mtiifu hutekeleza agizo ambalo amekwisha kulielewa. Anayefuata hupewa mwanzo tu wa habari, na mengine yote, kuanzia ukubwa wa hatua hadi kasi ya kugeuka na mahali pa kusimama, huyaamua yeye.

Kazi hiyo ndiyo tusiyoifundisha. Darasa la kawaida huendeshwa hivi: mwalimu huonyesha mfululizo wa matendo manne au matano, hueleza kwa kirefu mkono wa anayeongoza unapita wapi, kisha huugeukia upande wa pili na kusema, "Nyinyi fuateni tu." Mfululizo uleule hurudiwa na wenzi wanaopokezana, na baada ya muda mfupi wanaofuata wameukariri, hata wanaufanya pasipo ishara yoyote. Anayeongoza naye hurudi nyumbani akiamini ameweza. Ukweli hujitokeza siku anapocheza na mtu ambaye hakuwapo darasani: anauinua mkono na hakuna kinachotokea. Video za intaneti zimelizidisha tatizo hili, maana nyingi ni maonyesho ya jukwaani ambayo wote wawili wameyafanyia mazoezi pamoja, na mtazamaji hana njia ya kujua ni lipi lililoongozwa na lipi lililokaririwa.

Upo mchezo ambao kukariri ndiyo kanuni yake, na si haki kuuchanganya na huu. Katika rueda de casino, iliyoanzia Havana katika miaka ya 1950, jozi kadhaa husimama katika duara na mtu mmoja huyaita matendo kwa majina au kwa ishara ya mkono. Akiita "enchufla", au akiita "dame" ambapo wenzi hubadilishwa, jozi zote hutenda kwa pamoja. Hapo kila mchezaji, awe anaongoza au anafuata, amelisikia jina na anajua kinachokuja, na aliyesahau jina hulivuruga duara zima mbele ya watu. Jozi inapocheza peke yake hakuna mwitaji, na aliyezoea kutangaziwa matendo hujikuta hajui asikilize wapi.

Mwandishi alisema pia kwamba anayefuata hana sauti. Ningemwomba ausikilize muziki wenyewe, hasa sehemu ya wimbo iitwayo montuno, ambapo mwimbaji kiongozi hubuni mistari papo hapo na waitikiaji humjibu kwa kibwagizo, naye hulazimika kuumaliza mstari wake kwa wakati ili kibwagizo kipate pa kuingilia. Wachezaji wazuri huachiana nafasi vivyo hivyo. Anayefuata anaweza kuupunguza kasi mzunguko, kuirefusha hatua moja akaifupisha nyingine, kutia madoido kwa mkono ulio huru, au kulikazia pigo la ngoma ya konga alilolisikia yeye na mwenzake hakulisikia. Anayeongoza mwenye masikio huyahisi hayo mkononi na kuliahirisha pendekezo lake hadi mapigo 8 mengine. Mipaka ipo, kwani madoido yanayouteka mkono unaopokea ishara, au yanayochelewa hadi hesabu ikavunjika, humkatiza mwenzi, na wanaofuata wengine hupaswa kuambiwa hilo bila kuonewa haya. Zipo hata nyakati ambapo wawili huachana mikono kabisa na kila mmoja akaonyesha ufundi wa miguu yake, kama walivyofanya wachezaji wa densi iitwayo mambo, iliyoitangulia salsa, katika ukumbi wa Palladium jijini New York katika miaka ya 1950. Hapo hakuna anayemfuata mwingine mpaka mikono ishikane tena.

Kuhusu jinsia, nakubaliana na mwandishi kwa sehemu kubwa. Kuongoza hakudai misuli, na kufuata hakudai maumbile ya kike. Ni mazoea tu yaliyowapanga wanaume huku na wanawake kule, na mwalimu anayewagawa wanafunzi kwa kuwatazama kabla ya kuwauliza wanataka kujifunza lipi anayaendeleza mazoea hayo bila sababu ya kiufundi. Mwanamume aliyekaa upande wa kufuata kwa wiki chache hujirekebisha mwenyewe mambo ambayo mwalimu angemrudia mwaka mzima, kwa kuwa ameonja mkono unaochelewa na kiganja kinachobana. Mwanamke anayejifunza kuongoza naye hugundua upesi jinsi inavyochosha kucheza na mwenzi anayejitanguliza, maana kila pendekezo linakuta jibu limeshatolewa.

Kwa walimu wenzangu nina maombi. Mfululizo mpya unapofundishwa, wanaofuata wasionyeshwe kwanza. Waongozwe wakiwa hawaujui, na wanaoongoza waagizwe kuuvuruga mpangilio makusudi. Somo la kufuata liwe na maudhui yake, lenye mazoezi ya urari, ya kuhamisha uzito na ya kungoja, na lipewe muda wa maana katika saa ya darasa. Wimbo ukiisha, anayefuata aulizwe alihisi nini, na jibu lake lichukuliwe kuwa kipimo cha uongozaji, kwa kuwa hakuna mtu mwingine chumbani aliyeihisi ishara ile. Na kosa linapotokea, tuache tabia ya kumgeukia kwanza yeye. Uongozaji uliokomaa huanzia pale mwenzi alipo: akikanyaga kulia badala ya kushoto, anayeongoza hubadili alichokusudia, nao huendelea kucheza.

Ama pendekezo la kuziondoa nafasi hizi mbili, siliungi mkono. Zikiondolewa, watabaki ama watu wawili waliokariri mpangilio mmoja, ama watu wawili wanaocheza kila mmoja peke yake huku wametazamana. Yote mawili ni halali na yana wapenzi wake, lakini mchezo wa jozi unaobuniwa papo hapo na watu wasiojuana utakuwa umetoweka pamoja na nafasi hizo. Hoja yake ya usawa inaweza kutimizwa kwa njia nyepesi zaidi: wachezaji wakubaliane kabla ya wimbo ni nani ataanza kuongoza, na wakipenda wapokezane katikati ya wimbo, kama baadhi ya wachezaji wanavyofanya sasa. Hakuna kanuni ya salsa inayowazuia.

Wako,
Mwalimu wa salsa na msomaji wa gazeti hili