Barua kwa Dada Kuhusu Gemu Anayoitaka Mpwa Wangu

Leeds, Uingereza

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwafikishie Baba na Mama shikamoo yangu. Mimi huku ni mzima, isipokuwa baridi imeanza mapema.

Nimepata ujumbe wako kwamba mpwa wangu anataka nimletee Nintendo Switch, kile kifaa cha kuchezea gemu, nikija Kisumu likizo ya Desemba, na kwamba Baba ameapa chombo hicho hakitavuka kizingiti chake. Kwa kuwa umetaka maoni yangu kabla hamjaketi naye, nimeona heri niandike, maana kwenye simu tungeishia kucheka.

Unakumbuka tulivyolelewa pale Kaloleni. Kile kigemu cha matofali alichotuletea Ami kutoka Nairobi, kilichojigamba kuwa na michezo 9999 ilhali ni ileile michache iliyobadilishwa kasi, kilifungiwa katika kabati la vyombo, na ufunguo wake Mama akaufunga kwenye pindo la leso. Tulikipata Jumamosi baada ya kufua sare, kikarudi kabatini adhana ya alasiri iliposikika. Baba naye alizihesabu betri, kwa sababu ndizo hizo hizo za redio yake, na redio ikianza kukoroma katikati ya taarifa ya habari ya saa moja, hakuhitaji shahidi. Kuzuiwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hatukuelezwa sababu. Tukiuliza, tuliambiwa tu kuwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haitahini matofali.

Nikiyatafakari sasa, naona kwamba nusu ya malezi yale ilifanywa na udhaifu wa vyombo vyenyewe. Hata Game Boy ya yule mtoto wa jirani, tuliyokuwa tukiipangia foleni, ilitoka Japani mwaka 1989 ikiwa na kioo kisicho na taa na ikila betri nne, kwa hiyo stima ikipotea usiku mchezo ulikwisha bila mzazi kufungua kinywa. Baba alimalizia tu nusu iliyobaki.

Switch, iliyoingia sokoni mwaka 2017, haina msaada huo kwa mzazi. Kioo chake kina mwanga, betri yake huchajiwa, na baadhi ya michezo yake haina mwisho, kwani huongezwa mambo mapya kupitia intaneti na humshawishi mtoto anunue vikorokoro kwa pesa halisi. Kufuli la kabati peke yake halitatosha. Hata hivyo, ipo programu ya simu ambayo kwayo mzazi huweka kikomo cha muda kwa siku, huona mtoto amecheza nini na kwa muda gani, na akipenda huamuru mchezo usimame muda ukiisha. Ununuzi nao unaweza kuzuiwa kwenye akaunti ya mtoto.

Najua Baba atakwambia kwamba gemu ni ugonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeutaja uraibu wa michezo hiyo katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini masharti yake ni mazito: mtu awe ameshindwa kujizuia, ameitanguliza gemu mbele ya mambo mengine, na anaendelea hata inapomharibia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayenung'unika akiitwa kula ugali hajafika huko.

Rai yangu ni kwamba niilete pamoja na michezo isiyohitaji intaneti, acheze mwisho wa wiki tu, na Baba mwenyewe amweleze mjukuu wake sababu ya mpaka huo, jambo ambalo sisi hatukulipata. Nywila ikae kwako. Usimwachie Mama, kwani wajukuu wamemlainisha, na siku hizi ule ufunguo angeutoa kabla hajaombwa.

Tafadhali nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, nijue kama nitanunua au nitaacha.

Nduguyo akupendaye.