Kobe wa Mombasa wa kutiwa friji?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi nimemkuta jirani yangu hapa Kibokoni ametoa samaki wote kwenye friji, ataka kumtia kobe wake alale mpaka kusi iishe, eti kaona video ya watu wa Uingereza wakiwatia kobe wao frijini. Wallahi nilishika kichwa! Wale wa kwenye video ni kobe wa asili ya Mediterania, baridi ikiingia wanalala kweli, ndio wenyewe huwaweka kwenye digrii 5 hivi, tena baada ya wiki kadhaa bila kula, maana chakula kikibaki tumboni kinaoza humo humo. Huyu wa jirani (kibali anacho, msimuulize) ni kobe wetu wa madoa, hana usingizi huo, na huku hata Julai usiku ni digrii 20 na kitu. Wale kobe wakubwa wa Haller Park, bustani ya wanyama hapa Mombasa, mbona hawatiwi frijini? Kobe wa huku akizubaa na kukataa majani siku nyingi huyo mgonjwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Maskini nilimtoa mwenyewe, kichwa keshakivuta ndani, magamba ya samaki changu yamemganda mguuni.

Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa