Kabla hujaagiza mfumo wa kompyuta kwa biashara yako

Swali la kwanza la mteja karibu kila mara ni hili: "Mfumo ni shilingi ngapi?" Ni swali la haki kabisa, ila halina jibu la kweli mpaka yajulikane mambo mawili: kazi yako inafanyikaje, na kifanyike nini pale inapokwama. Kurasa unazoziona kwenye skrini, za kuandika mauzo, orodha ya bidhaa na ripoti ya siku, ndizo sehemu nyepesi. Muda na fedha huishia kwenye yale yasiyo ya kawaida: mzigo umerudishwa nusu, umeme umekatika keshia akiwa katikati ya kuuza, malipo yameingia mara mbili, mtu amezidisha sifuri moja. Kampuni inayokutajia bei kwa simu ndani ya dakika tano haijayahesabu hayo. Utayalipia baadaye, na wakati huo hutakuwa na nguvu ya kujadili bei.

Kabla ya hapo, jiulize kama kweli unahitaji mfumo wa kutengenezewa. Mwenye duka moja na muuzaji mmoja mtaani mara nyingi hauhitaji. Zipo programu za mauzo zilizo tayari, za kulipia kwa mwezi, na hata jedwali la Excel lililopangwa vizuri litamfaa kwa muda mrefu. Sisi tunaotengeneza mifumo tunawaambia hivyo wateja, na tunaona ni bora kumpoteza mtu leo kuliko kumuuzia kitu kisichomfaa. Mfumo wa kutengenezewa unafaa pale kazi yako inapokuwa na kanuni ambazo programu za dukani hazizijui.

Mfano mzuri uko hapo mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa jijini Mwanza. Mfanyabiashara wa dagaa wa jumla hununua mzigo wa visiwani kwa gunia au ndoo, anawauzia wasafirishaji kwa gunia, na wa rejareja anawapimia kwa kilo au sado. Programu ya kawaida itakutaka useme gunia moja ni kilo ngapi, kisha namba hiyo ibaki hivyo daima. Lakini dagaa waliokaushwa juani vizuri hawalingani uzito na walionyeshewa mvua, na wakikaa stoo huendelea kukauka. Ukifunga kipimo kimoja, baada ya muda kompyuta itasema una kilo ambazo hazipo, na mtunza stoo ataonekana mwizi bila kosa. Mfumo sahihi hapo huandika uzito wa kila gunia linapoingia, na una mahali pa kuandika upungufu pamoja na sababu yake na jina la aliyeuidhinisha.

Mfanyabiashara huyohuyo hutoa mali kauli. Mteja anachukua magunia leo, analipa akishauza, tena kidogo kidogo. Kabla deni la kwanza halijaisha ameshachukua mzigo wa pili. Akituma laki tano, zipunguze deni lipi? La zamani kwanza, au lile alilolitaja? Na bei ikiwa imepanda katikati? Hili si swali la fundi wa programu, ni la mwenye biashara. Usipolijibu mapema, fundi atachagua mwenyewe kwa kubahatisha, na utaligundua siku unapogombana na mteja kuhusu salio.

Kazi yako ya nyumbani

Chukua karatasi mbili uandike safari ya mzigo mmoja tangu unapoagizwa mpaka fedha ya mwisho inapoingia. Kila hatua onyesha nani anafanya, anaandika wapi, na nani anatoa ruhusa. Kisha rudi hatua kwa hatua ukijiuliza: ikikosewa hapa, sasa hivi tunarekebishaje? Nani ana haki ya kufuta? Nani anaweza kupunguza bei, na mpaka kiasi gani? Mshirikishe keshia, mtu wa stoo na dereva, maana wao wanajua njia za mkato ambazo mwenye mali hazijui. Ukija kwenye kikao cha kwanza, beba daftari lenyewe, kitabu cha risiti na karatasi za kutolea mzigo kama zilivyo, na mikwaruzo yake. Maandishi ya pembeni ya daftari hutufundisha zaidi ya maelezo ya saa nzima.

Mtandao na umeme

Hapa ndipo bei hutofautiana sana, na wengi hawaelezwi kwa nini. Mfumo unaohitaji intaneti muda wote ni nafuu kuutengeneza. Unaofanya kazi bila mtandao na kutuma kumbukumbu mtandao ukirudi ni ghali zaidi, kwa sababu kila kifaa lazima kiwe na kumbukumbu zake na baadaye zote zipatanishwe. Muulize anayekutengenezea: muuzaji wa mwaloni na mtu wa stoo ya Igoma wakiuza gunia lilelile la mwisho huku mmoja wao hana mtandao, mfumo utafanyaje? Akijibu kwamba haitatokea, hajawahi kulifikiria. Majibu yanayokubalika ni kama kumgawia kila muuzaji mzigo wake asubuhi, au kuruhusu mauzo yote mawili yaingie na kumpa meneja taarifa ya mgongano aiamue.

Kwa biashara nyingi zenye matawi Ukerewe, Sengerema au kwenye visiwa vidogo tunashauri njia ya kati: ukurasa wa mauzo na wa risiti ufanye kazi bila mtandao, ripoti na mabadiliko ya bei yasubiri mtandao. Gharama hupungua, na foleni ya wateja haisimami.

Malipo ya simu

Kuunganisha M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa huonekana jambo dogo, na ndilo huleta malalamiko mengi kuliko yote. Mambo huenda hivi. Mfumo wako unatuma ombi la malipo, mteja anaona ujumbe kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, fedha inahama, halafu mtandao wa simu unatuma taarifa kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, kwamba amelipa. Seva yako ikiwa imezimika dakika hiyo, taarifa inaweza kupotea. Mteja amekatwa, mfumo unasema hajalipa. Naye akiona kimya anabonyeza tena, analipa mara ya pili.

Kwa hiyo mkataba utaje mambo manne. Kila ankara iwe na namba yake ya kipekee inayokwenda pamoja na ombi. Taarifa ya muamala uleule ikija mara mbili, ya pili isihesabiwe. Malipo yanayosubiri yaulizwe na mfumo wenyewe kila baada ya dakika chache mpaka hali yake ijulikane. Na jioni iwepo ripoti inayolinganisha mauzo ya mfumo na taarifa ya mtandao wa simu, tofauti zikionekana moja moja. Keshia asikubali kamwe picha ya ujumbe wa malipo kama uthibitisho, picha hughushiwa.

Maombi ya kuunganishwa yanahitaji nyaraka zako: TIN, leseni ya biashara, cheti cha BRELA. Huweza kuchukua wiki kadhaa na hayako mikononi mwa fundi. Yaanze siku mkataba unaposainiwa, sio mfumo ukishakamilika.

Saa, risiti na SMS

Seva nyingi hutumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Mauzo ya saa nane usiku kwa seva hiyo ni saa tano usiku wa jana yake. Fundi asipoweka saa ya Afrika Mashariki, kila kitu kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kitaangukia ripoti ya siku iliyopita, na hesabu ya keshia wa zamu haitafungana hata awe mwaminifu vipi. Kwa duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi hutaona tofauti. Kwa wanaopakia malori usiku wa manane, kwa zahanati, kwa nyumba ya wageni, utaiona kila siku. Siku ya majaribio ingizeni mauzo saa nane usiku mwone yameandikwa tarehe gani.

Risiti ya mfumo si risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Kama unatakiwa na TRA kutoa risiti za kielektroniki, mfumo uunganishwe kwa njia iliyokubaliwa na TRA, la sivyo keshia ataandika kila mauzo mara mbili, mahali pawili. Siku za msongamano ataruka moja.

SMS nazo zina hesabu yake. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Ukizidi hukatwa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande. Ukiwa na alama moja tu isiyo ya kawaida, kikomo hushuka hadi herufi 70. Kiswahili kinaathirika hapa: kile kialama cha juu cha kwenye "ng'ambo" kikiwa kimepinda, kama Microsoft Word inavyokiandika yenyewe, ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu. Kwa wateja elfu mbili wa SACCOS, hiyo ni SMS elfu sita badala ya elfu mbili. Mwambie fundi mfumo unyooshe alama hizo kabla ya kutuma.

Nani mwenye mali

Hili tunaliwekea mkazo kuliko mengine yote, kwa sababu hasara yake haiponi kirahisi. Mfumo una vitu vitano ambavyo lazima viwe kwa jina lako, si la fundi: msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, jina la tovuti, mfano linaloishia na ".co.tz", akaunti ya seva, akaunti ya duka la programu za simu kama ipo, na akaunti ya SMS na malipo. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, ila barua pepe ya mwenye akaunti iwe ya kampuni yako. Jina la tovuti lililosajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyekwisha kuhama mji likifika tarehe ya kulipiwa, hakuna atakayeona ukumbusho, na siku moja tovuti na barua pepe za ofisi nzima zinazimika.

Mkataba useme wazi kwamba msimbo ni wako ukishamaliza kulipa, na kwamba unawekwa kwenye hifadhi ya Git, mahali mtandaoni panapotunza msimbo na kila badiliko lake, unayoweza kuifungua tangu wiki ya kwanza. Kuahidiwa kupewa "mwishoni" haitoshi. Zipo kampuni zinazokodisha mfumo na kubaki na msimbo, na hilo si dhambi, ila bei yake iwe ya kukodi na ujue unakodi. Hata hapo data ni zako: andikeni kwamba unaweza kuzitoa zote wakati wowote katika faili linalofunguka kwa Excel.

Ukikusanya taarifa za watu, wagonjwa, wanafunzi au wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakutaka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wajibu huo ni wa mwenye biashara, hata kama seva inaendeshwa na mtu mwingine.

Malipo na majaribio

Usilipe zote mwanzoni, wala usimtake fundi afanye kazi bila kianzio. Mgawanyo unaotenda haki ni asilimia 30 kuanza, 30 sehemu ya kwanza ikifanya kazi mbele yako, 30 mfumo ukikabidhiwa, na 10 baada ya mwezi mmoja wa matumizi. Kila awamu ifungwe na jambo unaloweza kulijaribu kwa mkono. "Keshia anauza, risiti inatoka, stoo inapungua" ni awamu. "Asilimia 60 ya kazi imekamilika" haipimiki.

Ukiongeza jambo katikati ya kazi, liandikwe, lipewe bei na siku zake, ndipo lianze. Miradi mingi huchelewa kwa nyongeza ndogo ndogo zilizosemwa kwa mdomo kuliko kwa uvivu wa mtu yeyote.

Jaribu kwa simu za bei ndogo ambazo wafanyakazi wako wanazo, kwa bando la kawaida, si kwa laptopu ya fundi ofisini kwake. Tumia data halisi za wiki moja. Kisha muombe fundi afute mfumo wa majaribio mbele yako na kuurudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea; mara nyingi hugundulika kwamba ilikuwa tupu, au iko kwenye seva ileile iliyoharibika.

Gharama haziishii siku ya makabidhiano. Kuna seva, jina la tovuti, SMS, na matengenezo, ambayo kwa kawaida hukadiriwa asilimia 15 hadi 20 ya bei ya kutengeneza kwa mwaka. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Dai makadirio ya miaka 3 kwa maandishi, ndipo ulinganishe kampuni mbili.

Daftari lisiachwe siku ya kwanza. Endesheni vyote viwili kwa wiki 2 hadi 4, mkilinganisha kila jioni kabla ya kufunga. Ni kazi maradufu na wafanyakazi watachoka, kwa hiyo msianze mwisho wa mwezi wala msimu wa mzigo mwingi. Hesabu za daftari na za mfumo zikifungana kwa siku 10 mfululizo bila kurekebishwa na mtu, daftari linaweza kuwekwa kabatini.