Harambee ya mwaka mmoja kwa mama wa jumuiya yetu anayemuuguza mumewe

Wapendwa wa parokia, majirani wa hapa Kayole, na nyinyi mlihamia Ruai na Joska lakini bado mko na sisi kwa grupu, tumsifu Yesu Kristu.

Mnakumbuka tulichanga ya oparesheni ya yule ndugu yetu fundi wa mjengo, alianguka kutoka kwa mbao za kupigia plasta akavunjika shingo. Mlitoa, na Mungu anajua venye mlitoa, wengine wenu hata kodi ya mwezi haikuwa imetoka. Akawekwa vyuma na skrubu, akakaa na ile kola ya shingo, akarudi nyumbani akiwa hai. Tukapiga makofi kanisani, tukarudi kwa shughuli zetu, na mama watoto akabaki na yeye kwa ile nyumba ya ghorofa ya tatu. Hatutaji majina hapa juu wenyewe wameomba hivyo, lakini jumuiya inawajua.

Sasa hii harambee ni ya mama. Na hatutaki mtoe pesa nyingi siku moja, tunaomba kidogo kila mwezi kwa mwaka mmoja.

Wacha nieleze, juu wengi huuliza mbona bado amelala na oparesheni ilifaulu. Shingo iko na pingili saba, yeye aliumia ya tano. Oparesheni inashikanisha mifupa isisonge, lakini ile kamba ya neva inayopita katikati ya mifupa ikishaumia hakuna skrubu ya kuirudisha, inabidi kungoja na mazoezi. Tunashukuru haikukatika yote. Anakunja viwiko, mabega yako na nguvu, miguu inasikia ukiigusa hata kama bado haisongi, ila vidole havijaweza kushika kijiko. Madaktari walisema nguvu nyingi hurudi kwa miezi ya kwanza mpaka kama mwaka, halafu inaendelea polepole, hata miaka miwili mtu anaweza kuwa bado anapata kitu. Ndio maana fizio, yaani hayo mazoezi ya viungo, haiwezi kungoja mpaka pesa ipatikane, juu mkono usiponyooshwa unakazana, na ukishakazana hata neva ikirudi haitapata cha kusongesha.

Lakini usiku ndio kazi. Hawezi kujigeuza, na mwili haumwambii vizuri kwamba amelalia upande mmoja sana, kwa hivyo kila masaa mawili lazima ageuzwe, la sivyo makalio na visigino vinatoka vidonda, na hivyo vidonda vya kulaliwa vinaua watu. Mama huweka alamu kwa simu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, halafu saa kumi na moja anaamsha watoto wa shule. Mwanamume mzima wa mjengo, anamgeuza peke yake, na mgongo wake mwenyewe umeanza kumsumbua ingawa halalamiki, sisi tuliona tu venye anainuka kwa benchi kanisani. Kuna lile godoro la hewa linalosaidia lakini linatumia stima, na token zikiisha ama stima ikipotea Kayole nzima, anarudi kwa mikono.

Na si kugeuza peke yake. Kuna siku mzee alianza kutoa jasho usoni, kichwa kikamuuma vibaya sana, presha ikapanda, na shida ilikuwa mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja. Mama akamkalisha wima haraka, akalegeza nguo, akanyoosha mpira, mkojo ukateremka na presha ikashuka. Alikuwa amefundishwa hivyo na wauguzi wa hospitali ya uti wa mgongo pale Lenana Road. Mtu aliyeumia shingo anaweza kufa nyumbani kwa kitu kama hicho, hapo katikati ya watu wasiojua wafanye nini. Mama yetu alijua. Mimi namheshimu sana.

Biashara yake ya mitumba ilikufa, alikuwa akienda Gikomba alfajiri kuchagua nguo za watoto, na alfajiri ndio saa mzee anahitaji kuoshwa na kubadilishwa. Kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, inasaidia ukiwa hospitali lakini hailipi mtu wa kukaa na mgonjwa kwa nyumba.

Nimesikia wengine wakisema hiyo ni kazi ya mke, aliapa kwa shida na raha. Aliapa, na anatimiza, kila mtu anaona. Lakini sisi pia tulikuwa hapo kwa harusi, tulikula pilau, tukasema tutawasaidia. Aliniambia kitu anachokosa zaidi ni kukaa tu na bwanake wapige stori bila yeye kuwa na glavu mkononi. Hilo ombi si kubwa.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Tunatafuta shilingi 45,000 kila mwezi: elfu 20 ya kijana wa kusaidia kumuinua na kumuosha ili mama arudi sokoni, elfu 16 ya fizio kuja nyumbani mara mbili kwa wiki, na 9,000 ya daipa, glavu, katheta (ule mpira wa mkojo) na token za stima ya godoro. Familia 90 zikitoa 500 kila moja imefika, na kama uko na 200 leta hiyo 200, na kama mwezi umekuwa mgumu ruka huo mwezi, hakuna mtu atakuuliza. Mweka hazina atasoma hesabu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na risiti zitakuwa kwake, kila mtu akague.

Wasio na pesa pia tunawahitaji. Vijana wanne wa kumbeba kwa ngazi siku za kliniki, juu lifti hakuna na matatu hazina pahali pa kiti cha magurudumu. Wamama wawili wa kulala pale Ijumaa usiku, mtafundishwa kumgeuza bila kuumiza shingo, ili mama apate hata usiku mmoja wa kulala mpaka asubuhi. Tafadhali ukienda kuwaona usikae tu ukilia, osha vyombo, saidia mtoto na homework, mwambie mzee habari za mpira, akili yake iko sawa kabisa na anachoka kuongelewa kama hayuko.

Tunakutana Jumapili baada ya misa ya pili hapo ukumbini, tuandike majina. Na kama uko na ploti ama unajua landlord mwenye nyumba ya chini kabisa, mlango mpana, hapa Kayole ama Komarock, ongea na mwenyekiti hata kabla ya Jumapili, juu ile ya ghorofa ya tatu wanataka kutoka mwezi huu ukiisha.