Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi wa Jimbo la Haut-Katanga: wakaguzi wasome namba za musketoni

Bwana Waziri,

Mimi ni mpanda minara. Kwa miaka kumi na moja napanda pilone za simu, matangi ya maji na mabango makubwa ya Lubumbashi, kupaka rangi na kubadilisha taa. Nakuandikia juu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani: musketoni, ile pete yenye mlango inayofunga mkanda wa mfanyakazi kwenye kamba au kwenye mnara wenyewe.

Ubavuni mwa musketoni halisi kumechongwa namba. Mara nyingi utasoma kN 22 kwa urefu, kN 7 kwa upana; kN ni kilonyutoni, kipimo cha nguvu. kN moja ni sawa na kuning'iniza kilo 102, kwa hiyo 22 ni zaidi ya tani mbili. Hapo mapatroni hucheka: "Wewe una kilo 70, tani mbili za nini?" Hiyo ni hesabu ya mtu aliyetulia. Anayeanguka anaipiga kamba kama nyundo. Ndiyo maana kanuni za Ulaya hupima kamba ya wapanda milima kwa kuangusha uzito wa kilo 80, na mshtuko wa kwanza hauruhusiwi kupita kN 12. Kwa sisi wa kazini, kifyonza mshtuko lazima kiushushe usizidi kN 6. Tena musketoni ikivutwa kiubavu, ile 22 imekwisha, umebaki na 7 yako.

Mwaka jana patroni mmoja, jina lake naliacha, alituletea musketoni kumi mpya, zinang'aa kama masufuria ya harusi. Hazikuwa na namba hata moja. Tulianza kwa kuinua ndoo ya rangi ya kilo 25. Ilipofika kama mita nne mlango ulijikunja, ndoo ikashuka, rangi nyeupe ikatapakaa uwanjani. Nilipomwonyesha akasema: "Ni chuma, unaogopa nini?" Mpaka leo naamini hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba kuna kitu cha kusoma.

Sokoni hali ni hiyo hiyo. Vishikio vya funguo vyenye umbo la musketoni vinauzwa pamoja na mikanda ya kazi, na vingine vimeandikwa kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, kwamba si vya kupandia. Nani anayasoma kwenye masoko ya Kenya au Katuba, komuni zetu za Lubumbashi? Herufi CE, alama ya kwamba kifaa kinafuata kanuni za Ulaya, nazo zisikutulize, kila fundi wa kuchonga anaweza kuzipiga. Kwenye vifaa vya kuzuia kuanguka lazima zifuatwe na tarakimu nne, namba ya taasisi inayosimamia utengenezaji. Na musketoni ya kazi hujifunga yenyewe, haifunguki mpaka mkono ufanye vitendo viwili.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa Katanga kuliko Wazungu wa milimani. Nailoni ya kamba na mikanda huliwa na asidi, na mara nyingine macho hayaoni alama yoyote. Kwetu asidi iko kila mahali: kwenye betri zilizo chini ya pilone, kwenye malori yanayoipeleka migodini. Nimeona kamba imetupwa nyuma ya pikapu juu ya betri inayovuja, kesho yake mtu akapanda nayo. Namba iliyochapwa kiwandani haijui kamba ililala wapi jana.

Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Basi wakaguzi wako wakifika mahali pa kazi, baada ya kuomba makaratasi na kuhesabu kofia, waombe pia mkanda na musketoni, wazigeuze, wasome. Isiyo na namba ikatwe palepale kwa msumeno, maana ikitupwa nzima, wiki ijayo utaikuta sokoni. Kamba isiyojulikana imenunuliwa lini nayo ikatwe vipande, itafaa kufungia mbuzi.

Ile musketoni iliyojikunja ninayo nyumbani, Kampemba, ndani ya kopo la maziwa. Nikiitwa ofisini kwako nitaileta pamoja na nzima moja yenye namba zake, uzishike mwenyewe.

Mpanda minara wa Lubumbashi