Mumeniuzia Datsun bila vioo, na tina iliyoyeyusha bodi

Langoni, Lamu

Kwa meneja na watu wa huduma kwa wateja,

KUH: SETI YA MODELI YA DATSUN 240Z NILIYONUNUA KWENU MWEZI WA KWANZA

Assalaam aleikum na habari za kazi.

Naandika barua kwa sababu WhatsApp mushaacha kunijibu, tiki za buluu naziona lakini jibu silioni, na mambo yangu na nyinyi hayajaisha. Mimi ni mteja wenu mwaka wa nne huu. Hio Datsun ilikua seti yangu ya saba ya gari dogo la kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe kutoka kwenu, zile sita za mwanzo sikuwahi kulalamika ata siku moja, rangi nanunua kwenu, msasa wa maji nanunua kwenu, ata ile kompresa ndogo ya kupulizia rangi niliitoa kwenu, kwa hivyo msinichukulie kama mtu anayetafuta ugomvi.

Mwezi wa kwanza niliagiza Datsun 240Z ya mbio za magari za Safari Rally, saizi ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari la kweli, shilingi 6,800, pamoja na kopo la spreyi nyekundu, undakoti ya kijivu (rangi ya kutangulia chini), na chupa ya mililita 100 ambayo nyinyi mumeibandika karatasi ya "tina ya modeli", yaani maji ya kuzimulia na kufutia rangi, hio peke yake 450. Nikatuma pesa kwa M-Pesa siku ile ile na 900 ya usafirishaji juu yake. Mzigo ukaja na basi mpaka Mokowe nami nikavuka na boti kuufuata mwenyewe, sikutaka urushwe gatini kama gunia la viazi.

Kwanza niwaeleze kwa nini gari hili na si jingine, maana naona nyinyi mwachukulia ni kitoi tu. Hapa Lamu mjini hatuna magari, vichochoro vyetu ni vya punda na watu wa miguu, lakini babangu ujana wake aliumalizia Mombasa akiwa fundi wa gereji miaka ya sabini, wakati Safari Rally ikiendeshwa Pasaka na watu wamekaa na redio kusikiliza nani yuko mbele. Gari lake yeye ni moja, ile Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi ambayo Shekhar Mehta na msoma ramani wake Lofty Drews walishinda nayo 1973, mwaka ambao pointi zao zilifungana na za Harry Källström ambaye naye alikua kwenye Datsun. Mehta baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini kwa babangu ni ile ya 73 tu. Ukimtajia injini ya silinda sita lita 2.4 ataacha chai yake aanze kukuigizia mlio, gia kwa gia. Sasa macho yamepungua, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia anaona kama kupitia pazia. Nikamwambia baba, nitakujengea uishike mkononi. Kwa 1/24 hio gari inatoka kama sentimita 17, inakaa sawasawa kwenye viganja viwili, na mtu ambaye haoni vizuri anaweza kuipapasa kuanzia pua mpaka mkia akaijua. Ndo maana vioo kwangu ni jambo kubwa, kwa sababu akipitisha kidole mbele akakuta tundu badala ya windskrini atajua papo hapo kua gari halijaisha.

Nilipolifungua boksi nikaona nailoni ya nje imebanwa upya kwa moto, mshono una mawimbi, ile ya kiwandani hua imenyooka na imekaza. Nikajipa moyo. Ndani bodi, yaani gamba la juu la gari, ilikuwepo, chasi ilikuwepo, tairi nne za mpira zilikuwepo na ile ya spea. Karatasi ya maelekezo inaonyesha fremu moja ya plastiki inayopitisha mwanga, ndo yenye windskrini, kioo cha nyuma, vya pembeni, na lenzi za taa zote pamoja na zile za ziada za mbele. Mfuko wake ulikuwemo. Umekatwa kwa makasi juu, umekunjwa vizuri, na ndani hamna kitu. Hebu niambieni, mfuko uliokatwa na makasi ukakunjwa, huo umefanywa na basi? Kuna mtu aliifungua ile seti kabla yangu, akatoa alichotaka, na nyinyi mkaibana nailoni mkaniuzia mimi kwa bei ya mpya.

Nikapiga simu siku hio hio. Dada aliyepokea alikua na adabu, sina ubaya naye, akaniambia niendelee na kazi ya bodi wakati wanatafuta vioo kwa sababu vioo vinawekwa mwisho. Hapo alisema kweli, vioo ni vya mwisho, mtu hupaka rangi kwanza. Nikaendelea.

Sasa sikilizeni hili la tina, maana ndo lililonikata maini.

Huku kwetu kupaka rangi si siku yoyote. Kusi ikiingia na mvua za mwaka hewa inajaa unyevu, ukipuliza vanishi inageuka nyeupe kama maziwa yamemwagika juu yake, kwa hivyo mimi kazi za rangi naziweka wakati wa kaskazi, napanda juu darini asubuhi mapema kabla upepo haujaamka na vumbi. Ile bodi niliiosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki kutoa mafuta ya kalibu, nikaikausha, nikaisaga ile mistari ya maungio kwa msasa wa 600 alafu 1000, nikapiga undakoti mbili nyepesi, nikasubiri siku nzima, nikapiga nyekundu ya kwanza, nyembamba, mkono hausimami, sentimita kama 20 kutoka kwenye bodi. Ikatoka safi wallahi. Nyekundu ile ile ya picha. Ila pale juu ya paa ikatua nywele moja, labda ya paka, nikaiacha ikauke nikasema kesho nitaifuta hapo padogo na tina ya modeli nirudie.

Kawaida yangu kitu kipya nakijaribu kwanza kwenye fremu tupu, ile inayobaki vipande vikishakatwa. Safari hii sikujaribu, kwa sababu chupa imeandikwa jina la kazi yenyewe na imetoka duka ambalo naliamini. Nikatia matone mawili kwenye pamba nikafuta. Rangi ikaondoka, undakoti ikaondoka, na nilipobonyeza kidogo nikahisi paa linashuka. Plastiki ilikua laini kama ubani uliotafunwa. Nikatoa mkono, na alama ya kidole changu ikabaki pale, mistari yote unaiona, ipo mpaka leo, nimewatumia picha yake. Kisha paa lilivyokauka likajikunja, likavuta na ile nguzo ya pembeni ya windskrini, kwa hivyo ata vioo vikija leo kwenye bodi hio havikai.

Chupa nikaipeleka kwa fundi wa maboti ya faiba, hapa hapa ufukweni. Akafungua kifuniko, akanusa mara moja, akaniambia hii ni tina kali ya spreyi ya magari, na akanyoosha mkono akanionyesha debe lake la lita nne la kitu hicho hicho. Bodi za magari ya kweli ni bati, haziogopi. Modeli zetu ni za plastiki ya polistairini, na tina ya aina hio inaiyeyusha polistairini kama sukari kwenye chai, kila mtu anayeuza vitu hivi anatakiwa kulijua hilo kabla hajajua bei. Tina ya rangi za modeli hua pole, na kila aina ya rangi ina ya kwake, ya akriliki si ya enameli. Nyinyi mumechota kwenye debe la hadwea mkatia kwenye chupa ndogo, mkabandika jina, mkauza. Hilo si kosa la mzigo kupotea njiani, hilo lilifanywa kwa mikono.

Na kuna stika za maji, zile za kuloweka kabla ya kubandika, za namba na maandishi ya milangoni. Zilikuja za njano kama karatasi ya msahafu wa zamani, na hilo peke yake nisingelipigia kelele kwa sababu njano inatoka, nilizibandika dirishani ndani ya mfuko wa plastiki zikapigwa na jua siku tisa zikawa nyeupe. Lakini nilipotia moja ndogo kwenye maji ya vuguvugu ilipasuka vipande vipande kama ganda la yai, inaelea, huwezi kuiokota. Hizo zimekaa kwenye joto miaka. Zilizobaki nimezipulizia vanishi juu kuzishika, mbili zimeshika, nyingine zimekufa.

Majibu yenu nayo. Nimewatumia picha 14, video mbili, na risiti. Wiki ya kwanza mkasema mnalishughulikia. Wiki ya pili mkasema nitume picha tena. Wiki ya tatu akaja mwingine akaniandikia kua bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, ndo sheria ya duka. Sasa mimi ningejua vipi kama vioo havimo bila kufungua boksi? Ningelitikisa nisikilize? Na huyo huyo akanishauri nikate vioo kwenye chupa ya maji ya plastiki. Vya pembeni naweza, hivyo ni bapa, nishawahi kufanya kwa karatasi ngumu ya plastiki nikiwa sina njia. Lakini windskrini ya 240Z imepinda pande mbili na imelala, na lenzi za taa zina mistari midogo midogo ndani yake, hizo hazitoki kwenye chupa ya maji. Mtu aliyewahi kujenga seti moja tu asingesema maneno yale.

Mimi si mwanasheria lakini kusoma najua. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari za kile anachonunua, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na kuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012. Sheria ya duka lenu haiwezi kukaa juu ya hizo. Sijataka kufika huko, na nikiwaambia sijataka ni kweli sijataka, mimi nataka gari.

Kwa hivyo ninachodai ni hiki. Mniletee seti nyingine kamili, haijafunguliwa, kwa sababu bodi imeharibika, vioo havimo na stika zimekufa, hakuna kilichobaki cha kuunganisha ila chasi na tairi. Kama hamna nyingine dukani basi agizeni bodi, fremu ya vioo na karatasi ya stika kutoka kwa muuzaji wenu wa nje, niko tayari kusubiri hizo, chasi nitatumia hii hii. Pesa ya tina, 450, irudi kwenye namba niliyotumia. Na zile chupa zilizobaki dukani mzitoe leo, si kesho. Nina vijana watano hapa mtaani wanaokuja barazani kwangu Jumamosi, wameshazoea kuchonga vimashua vya mti kama babu zao na sasa wanataka kujifunza magari, wawili kati yao wameweka akiba ya miezi kununua seti yao ya kwanza, na mimi ndo niliyewaambia wanunue kwenu. Mtoto wa miaka kumi na mbili akiharibikiwa hivi mara ya kwanza hatorudi tena kwenye kazi hii, na ile tina kali na mapafu yake ni jambo jingine kabisa, chupa yenu haina ata neno moja la kumwambia asiivute au afungue dirisha.

Nataka jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu wa tatu. Kaskazi inaisha, nikikosa hizi wiki chache zilizobaki itanibidi nikae na bodi bila rangi mpaka mvua za mwaka zipite na unyevu upungue, na babangu kila nikishuka kutoka darini ananiuliza, imefika wapi. Sijamwambia kama paa limeyeyuka.

Mkituma, boksi liingizwe ndani ya katoni ngumu na magazeti pembeni, na mmwambie makanga asiliweke karibu na injini wala juu ya kerea kwenye jua. Nipigieni likitoka Mombasa, nitalisubiri Mokowe mwenyewe.

Wenu mteja,
Langoni, Lamu